Kabla Hujapanda Basi: Namna ya Kupeleka Mradi wa Umeme wa Upepo Kijijini

Kila mwaka vijana wawili watatu hunitafuta hapa Kimara. Wametoka chuo, wameajiriwa na kampuni zenye ofisi Mikocheni au Masaki, na wiki inayofuata wanatumwa Singida au Makambako "kuongea na wananchi" kuhusu mitambo ya upepo. Swali lao huwa ni lile lile: "Mama, tuwaambie nini ili wakubali?"

Huwa nawaomba waliweke pembeni kwanza. Nimefanya kazi ya mahusiano ya jamii kwa miaka 17, nikaanza na nguzo za umeme, nikaja mabomba na barabara, na miaka ya karibuni upepo. Sijawahi kukutana na kijiji kinachouchukia upepo. Nimekutana na vijiji vilivyochoshwa na ahadi za watu kutoka Dar. Na ahadi hizo mara nyingi hazivunjikii kule shambani. Zinavunjikia hapa hapa mjini, juu ya meza ya mtu ambaye hajawahi kufika huko. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujafika stendi ya Magufuli pale Mbezi.

Anza na mhasibu wako

Mwaka fulani tulikuwa tunasimika mnara wa kupimia upepo. Ni mnara mwembamba wa chuma, wa kwetu ulikuwa mita 80, unashikiliwa na nyaya pande zote, na unakaa pale angalau miezi 12 ukirekodi kasi ya upepo kabla mtu yeyote hajajua kama mradi unalipa. Lori lililobeba vyuma lilikata kona vibaya likapita kwenye shamba la mama mmoja mjane. Alizeti zake zilikuwa zimeanza kufungua vichwa. Tairi ziliacha mifereji miwili ambayo ungeweza kulaza mtoto ndani yake.

Tuliingia shambani, mimi na yeye na mwenyekiti wa kitongoji, tukahesabu mashina yaliyolala, moja moja. Yalikuwa 214. Mengine yalikuwa bado hayajakatika kabisa, na yule mama alikuwa akiyainua kwa mkono, akiyaangalia, kisha anayalaza tena taratibu. Nikaandika jina lake kwenye daftari, tukakubaliana shilingi 96,000, akaweka dole gumba. Nikamwambia, "Mama, ndani ya wiki mbili."

Nikarudi Dar. Karatasi ile ilikaa ofisini wiki 11. Mhasibu hakuwa mtu mbaya. Utaratibu wake ulidai akaunti ya benki, namba ya mlipakodi na risiti ya mashine, na yule mama hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Nilipeleka maelezo, nikaambiwa nisubiri mkurugenzi wa fedha arudi safari. Wiki ya 11 vijana wa kijiji wakaziba njia kwa magogo. Kreni ya kukodi ilisimama siku tatu, na gharama ya siku moja tu ingelipa alizeti za kitongoji kizima.

Nilipofika kijijini, yule mama alinikaribisha vizuri, akaniletea kigoda. Akasema, "Mwanangu, niliwaambia watu wote kwamba umeandika jina langu. Sasa kila nikienda kisimani wananiuliza." Sikuwa na la kujibu. Alikuwa amenidhamini mbele ya wenzake, nami nilimwacha peke yake kisimani wiki 11.

Kwa hiyo, kabla ya yote, kaa na mhasibu. Mwombe fungu dogo la fidia za papo kwa papo, la kulipa mazao yaliyokanyagwa, ua uliovunjwa, kuku aliyegongwa. Ilipwe kwa simu, M-Pesa au Airtel Money au mtandao wowote mwenyewe anaotumia, ndani ya siku 7, na hati ya malipo iwe fomu yenye saini au dole gumba la mlipwaji na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Usikubali jibu la mdomo. Toka na barua iliyosainiwa. Bosi akikataa, mwambie wazi kwamba hauko tayari kwenda bado. Najua ni vigumu kusema hivyo ukiwa na miezi mitatu kazini, lakini ni bora ugombane naye Masaki kuliko ukavunje neno lako kijijini.

Pili, nenda kwa mhandisi, mwombe ramani ya mitambo, na umuulize ni ipi kati yake inaweza kusogezwa. Akikuambia hakuna hata mmoja, umechelewa, na kinachokwenda kufanyika kijijini ni kutoa taarifa. Usikiite mashauriano. Watu wanajua tofauti. Ukienda na ramani ambayo bado ni ya penseli, mzee akakwambia "hapo mlipoweka namba 9 ni makaburi", na mwezi ujao akaona namba 9 imehama, umepata kitu ambacho fulana na kofia za kampuni haziwezi kununua.

Kumbuka umeme unakwenda wapi

Sisi tunaoishi Dar ndio walaji wakubwa wa umeme wa nchi hii, na tunasahau upesi. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la kuleta gesi Dar es Salaam. "Gesi haitoki," walisema. Wengi hapa mjini waliwaona wakorofi. Mimi nilikuwa na shangazi huko, na hoja yake ilikuwa nyepesi: mali inatoka kwetu, sisi tunabaki na nini? Swali hilo hilo utaulizwa chini ya mwembe au mbuyu, tena mapema, kwa maneno haya: "Hayo mapangaboi yenu yatatuwashia taa?"

Jibu la kweli ni kwamba mtambo wa upepo wenyewe hauwashi nyumba iliyo chini yake. Umeme unapandishwa nguvu, unaingia gridi ya taifa, unanunuliwa na TANESCO. Kuushusha tena kijijini kunahitaji laini ya usambazaji na transfoma, na hiyo ni kazi nyingine, yenye bajeti nyingine. Sema hivyo hivyo. Kisha uliza kabla hujaondoka Dar kama kijiji hicho kimo kwenye mpango wa REA, wakala wa nishati vijijini, na kama kampuni iko tayari kuchangia kuunganisha shule na zahanati. Ikiwa haiko tayari, usidokeze. Watu wakishaona waya mkubwa unapita juu ya bati zao wakati wao wanawasha tochi za simu, kila ulichodokeza kitakumbukwa kama ahadi.

Ajira nazo ni hivyo hivyo. Wakati wa ujenzi watu wengi huhitajika kuchimba misingi, kumwaga zege, kulinda vifaa. Ujenzi ukiisha, wanaobaki ni wachache: walinzi, wafanya usafi, mafundi. Taja miezi, usitaje "fursa". Kama kampuni inaweza kupeleka vijana wawili wa kijiji VETA mapema ili nao wawe miongoni mwa mafundi, hilo litaje, ukiwa na majina ya kozi.

Kikao cha Manzese

Hili sijaliona kwenye mwongozo wowote wa kigeni niliopewa kusoma, nami nalisisitiza kuliko mengine. Nusu ya kijiji unachokwenda iko Dar. Mashamba mengi ya huko wenyewe wanauza nguo Kariakoo, wanaendesha bodaboda Tandale, wana maduka Mbagala. Wana kikundi cha WhatsApp cha wazawa, wanachangiana misiba, na mzee akiletewa karatasi ya kusaini kijijini, wa kwanza kupigiwa simu ni mwanawe wa Manzese. Mwana huyo akisema "baba usisaini, hao matapeli", mkutano wako umekwisha kabla haujaanza.

Basi watafute kabla. Mara ya kwanza nilipofanya hivi tulikodi darasa la shule ya msingi Jumapili alasiri. Walikuja watu 40 hivi, wengine wamebeba watoto. Hatukuleta projekta. Tulitandika ramani kwenye meza nne zilizounganishwa, tukawaacha waikodolee. Kijana mmoja fundi seremala aliweka kidole akasema, "Hili ni la bibi. Na hii njia mliyochora inapita katikati ya bwawa, masika haipitiki." Alikuwa sahihi, na mpimaji wetu alikuwa amepita pale Septemba. Dada mwingine aliuliza swali ambalo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuliuliza kwa sauti: shamba likiwa kwa jina la kaka, na yeye ndiye anayelima, kodi ya shamba kutoka kwa kampuni atalipwa nani? Tulikaa na swali hilo miezi minne kabla ya kupata utaratibu unaoeleweka, na nashukuru lilitokea Manzese, siyo siku ya malipo.

Kitu kingine: uvumi. Taarifa kwamba mitambo inaua mifugo au inafanya wanawake wasizae huzaliwa kwenye simu, nyingi zikitokea mjini, ndipo husafiri kwenda kijijini. Ukiwa na watu watano kwenye kikundi hicho wanaokufahamu kwa sura, utaulizwa kabla uvumi haujakomaa.

Kuingia

Barua za utambulisho zinapita mkoani, wilayani, halmashauri, kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Hilo unalijua, lifanye. Ila siku ya kwanza usiingie na msafara wa magari ya serikali. Ukija na bendera na askari, watu watakaa kimya, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba wamekubali. Shuka basi, panda bodaboda, lala kijijini siku mbili au tatu. Salimia wazee kwanza, shikamoo yako iwe ya kusimama, usiitoe dirishani. Tembea na balozi wa nyumba kumi, nyumba kwa nyumba.

Epuka msimu wa kulima na siku ya mnada. Itisha mkutano baada ya mavuno. Omba pia kikao cha kina mama peke yao, saa ambayo wamerudi kisimani na bado hawajaanza kupika, kwa sababu kwenye mkutano mkubwa watakaa nyuma na hutawasikia. Na usiishie kwenye orodha ya wenye mashamba. Anayekodi shamba, anayeokota kuni, anayelima kwa ruhusa ya shemeji, na hasa mfugaji anayepitisha ng'ombe pale miezi miwili kwa mwaka, wote hawamo kwenye orodha hiyo.

Hapo kwa mfugaji majirani zetu wametupa funzo kubwa. Kule Marsabit, Kenya, mradi wa Lake Turkana Wind Power una mitambo 365, megawati 310, na umesimama juu ya ekari 150,000 za ardhi ambayo wafugaji waliitumia kwa pamoja. Oktoba 2021 mahakama iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa bila kufuata utaratibu. Mitambo ilikuwa tayari inazunguka. Kinangop, kwenye kaunti ya Nyandarua, hali ilikuwa nyingine: wakulima wenye mashamba madogo, hofu juu ya ardhi na afya, maandamano, na Februari 2016 mradi wa megawati 60.8 ukafutwa kabla ya kusimamisha mtambo hata mmoja. Fedha za wawekezaji zilikuwepo. Ukifika Kajiado utakuta Kipeto, mitambo 60, megawati 100. Pale wenye mashamba walikodisha ardhi bila kuiuza, wanaendelea kuchunga chini ya mitambo, na kuna watu wanaofuatilia tai wasigongwe na mapanga. Kati ya yote hayo, mfano wa kukodisha ndio ninaoutetea. Mtambo wenyewe na barabara yake vinachukua sehemu ndogo tu ya shamba, kinachobaki kinalimika, na mwenye shamba anayepokea kodi kila mwaka atakuwa wa kwanza kukupigia nyaya zikiibwa.

Mzee aliyeuliza kuhusu mvua

Jiandae na swali hili. Mzee mmoja, bakora mkononi, alisimama akauliza: "Hayo mapanga yakiukata upepo, mvua itatoka wapi?" Mhandisi wetu kijana alicheka. Alicheka kidogo tu, lakini watu wote waliona. Mzee akakaa, na mkutano ukafa pale pale.

Mzee yule hakuwa mjinga. Amelima miaka 50 kwa kutazama upepo. Anajua mvua yake inakuja na upepo wa upande fulani, kama mvuvi wa Feri anavyojua kusi na kaskazi. Mtu anayeishi kwa mvua akiona unataka kufanya kitu na upepo, ni haki yake akuulize.

Nilirudi kesho yake nyumbani kwake, nikamwomba radhi kwa ajili ya kijana wetu, naye kijana nikamleta aombe mwenyewe. Tukaeleza polepole: ncha ya panga la mtambo mkubwa hufika mita 150 hivi kutoka ardhini, mawingu ya mvua yako juu zaidi, na mvua yenyewe huletwa na mikondo ya upepo kutoka Bahari ya Hindi iliyo mikubwa kuliko mkoa mzima. Akasikiliza. Akasema, "Nimekusikia, lakini nitajuaje?"

Hapo ndipo tulipopata wazo la kipima mvua. Tulikiweka shuleni, mahali pa wazi, ndani ya ua wa fito. Wanafunzi wa darasa la sita walikisoma kila siku saa 3 asubuhi, wakaandika kwenye daftari la mwalimu na kwenye ubao uliotazama njia. Tuliwaomba waanze misimu miwili kabla ya ujenzi, ili kijiji kiwe na namba zake chenyewe za kabla na baada, ambazo kampuni haikuziandika. Mzee yule alikuwa akipita pale akielekea shamba, anasimama mbele ya ubao, anasoma. Siku moja namba haikuandikwa kwa sababu mwalimu alisafiri, akaenda kugonga mlango wa mwalimu mkuu.

Kelele na vivuli usivielezee kwa maneno. Karibu na mtambo kuna mvumo, na jua likiwa chini, kivuli cha mapanga hupita juu ya nyumba na kuondoka, kikarudi, kikaondoka. Ni kero ya kweli kwa mtu anayekaa karibu. Tiba yake ni umbali, na umbali huo uuandike kwenye mkataba kwa mita. Wapeleke watu wakasikie wenyewe. Mwenga, wilayani Mufindi, kuna mitambo mitatu ya megawati 2.4 kwa jumla. Kodi Coaster, chagua watu pamoja na wanaopinga, waende wakasimame chini yake, wazungumze na wakazi bila wewe kuwepo. Kaa kwenye gari, usiwafuate.

Karatasi

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 isome mwenyewe, usitegemee muhtasari wa wakili. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ardhi ya kijiji ikihamishwa, kama ni chini ya hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo Waziri huamua akiwa amepokea mapendekezo ya mkutano huo. Na haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi, namna na wakati wa kulipwa vikubaliwe. Mwenyekiti akikwambia "hayo niachie mimi, wewe nipe chai", mshukuru, mwambie utasubiri mkutano. Chakula na maji ya mkutano vipate wote. Bahasha asipate mtu.

Muhtasari wa mkutano usomwe kwa sauti pale pale kabla watu hawajatawanyika, na nakala ibaki kwa mtendaji. Weka daftari la malalamiko ofisini kwake, kurasa ziwe na namba, kila lalamiko tarehe na jina, jibu ndani ya siku 14 hata kama jibu ni "bado". Ukiona daftari halina kitu miezi mitatu, usifurahi. Nenda kaulize kisimani.

Na uwaambie jambo ambalo bosi wako hatapenda: miradi mingi ya upepo haifiki mwisho. Singida wamesikia habari za mitambo kwa zaidi ya miaka 10. Nimeona nyumba isiyoezekwa kwa miaka minne kwa sababu mwenyewe aliambiwa na wapimaji asiendeleze eneo. Mwambie mtu aendelee kupanda miembe yake, aezeke nyumba yake, mpaka siku ya uthamini rasmi, na umwandikie kwa barua.

Ukirudi

Basi la kurudi litakufikisha Mbezi usiku. Asubuhi, kabla ya kufungua barua pepe, mpigie mtendaji, msomee orodha ya mambo uliyoahidi, moja moja, umuulize kama kuna ulilosahau. Kisha ichapishe, uipeleke kwa mhasibu kwa mkono wako, ukae kwenye kiti mbele yake mpaka aisome. Jina la kwanza kwenye orodha liwe la yule anayekunyima usingizi wewe mwenyewe, awe mama wa alizeti au mwingine. Ukishaona ujumbe wa malipo umeingia kwenye simu yake, ndipo uanze kuandika ripoti.